Bwana wa Beramu

Absalom Riungu alikuwa kalala kifudifudi, kafa, chini ya simba.

Simba mwenyewe alikuwa wa kushonwa. Nyuzi za dhahabu juu ya hariri nyekundu, kitambaa kirefu kama mita nne, kipana upande wa mti halafu kinapungua mpaka ncha. Kilitandazwa ukutani, na huyo simba katoa ulimi nje utafikiri hakuona chochote.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, Mansfield, Texas. Nje jua lilishaanza kazi yake kwenye mabati ya magari. Ndani ya karakana kiyoyozi kilikuwa kinavuma tu, hakuna aliyekumbuka kukizima.

Inspekta Jerioth Kanana alivaa glavu, akachuchumaa.

"Pigo moja. Kisogoni. Kitu kizito cha mviringo."

"Hiki hapa, afande." Sajini Twalibu alikuwa kasimama kando ya mlingoti wa mbao, mnene kama mkono wake. "Umefutwa, lakini kwa pupa. Damu imebaki kwenye ufa."

"Alama za vidole?"

"Za kumwaga. Huu mti umeshikwa na kila mtu."

Jerioth alikuwa Mmeru, miaka kumi na moja kwenye polisi wa Texas, hana muda wa salamu ndefu. Twalibu alikuwa mtu wa Tanga, hamsini na tatu, kitambi kidogo, na salamu zake ndefu kweli. Walikuwa wanaelewana hivyohivyo.

Kitu kimoja kilimkera Jerioth. Mgongoni mwa marehemu, katikati ya mabega, kulikuwa na vipande viwili vya hariri ya bluu, vya pembetatu. Havikuanguka pale. Vilipangwa, kimoja kando ya kingine, vizuri kama vijiko mezani. Na juu ya meza kulikuwa na kibendera kidogo cha bluu hiyohiyo, cha mraba, kina nyota ya dhahabu.

"Mtu anaua, halafu anapanga vitambaa," alisema. "Huyo ni mtu wa aina gani?"

Twalibu alikuwa anasoma kikadi ukutani, kando ya simba. Kiliandikwa kwa herufi za kujikunja: *Imebuniwa na kushonwa kwa mkono na Absalom Riungu.*

Aliyekuta maiti alikuwa nje, kakaa juu ya boksi la barafu, analia. Anaitwa Sheldon, nesi, Mkenya. Na alikuwa kavaa shati la minyororo ya chuma mpaka magotini.

Jerioth alimwangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Hiyo ni nini umevaa?"

"Deraya, madam."

"Kwa joto hii?"

"Tulikuwa twende Richardson. Kuna maonyesho. Mimi na Absalom tuko kwa chama. Tunafanya mambo ya zamani, ya Ulaya, vita za farasi na mapanga. Ni wikendi tu, si eti tumerukwa na akili."

"Sijasema."

"Umeniangalia hivyo."

Jerioth alimwonyesha picha ya kile kibendera kwenye simu. Sheldon alifuta machozi na mkono wa chuma, akajikwaruza.

"Hiyo ni penoni. Ya mpiganaji wa kawaida, unaifunga kwa ncha ya mkuki. Inakuwanga na mikia miwili. Ile kubwa ya ukuta ni standadi. Hiyo huwezi kimbia nayo. Unaisimamisha chini ndio watu wajue mkubwa wao ako wapi. Halafu kuna gonfaloni, ile inaning'inia kwa kijiti cha kukingama, kama zile za kwaya. Na ile ya mraba ni beramu."

"Kwangu zote ni bendera."

"Ukisema hivyo kwa chama unanunulia kila mtu soda."

"Sheldon, kuna mtu amekufa hapo ndani. Achana na soda. Hii penoni yako haina mikia."

Sheldon aliitazama tena picha. Uso ukabadilika.

"Imekatwa."

"Maana yake?"

"Zamani, vitani, ukipigana vizuri mfalme alikuwa anakuita. Anachukua penoni yako, anakata mikia, inabaki mraba. Hapo hapo umepanda cheo. Umekuwa Bwana wa Beramu, watu wanakufuata. Leo saa nane Absalom alikuwa akatiwe yake. Mbele ya watu mia tatu. Kwa sababu ya ile standadi. Miezi kumi na minne ya sindano, madam. Hakuna mtu Texas ameona kazi kama hiyo."

"Na huo mkato unajulikana na nani?"

"Watu wa chama tu."

"Wewe umengoja cheo hicho miaka mingapi?"

Minyororo ikalia kidogo.

"Sita," alisema Sheldon. "Lakini si mimi."

Walimchukua. Si kwa pingu, lakini kwa gari la polisi, na deraya yake, na majirani wakatoka kuangalia. Alihojiwa saa mbili nzima.

"Ulikuwa wapi tangu alfajiri?"

"Wodini. Fort Worth. Shifti iliisha saa moja na nusu."

"Nani amekuona?"

"Wagonjwa kumi na wawili. Na mwenzangu nilimkabidhi ripoti."

"Ulimchukia Absalom?"

"Nilimwonea wivu. Hiyo si ni kitu tofauti?"

"Wakati mwingine."

Simu ya daktari wa uchunguzi wa maiti ilimwokoa Sheldon. Jerioth aliiweka sauti juu ili Twalibu asikie.

"Alipigwa karibu saa moja," alisema daktari. "Lakini hakufa saa hiyo. Damu ilivujia ndani ya fuvu polepole. Nusu saa, labda dakika arobaini. Alikuwa hajitambui, ila anapumua. Kwa nguvu, na kwa sauti. Aliyekuwepo alimsikia."

"Angeitiwa gari la wagonjwa?"

"Hospitali iko dakika saba kutoka pale, Inspekta."

Jerioth alikata simu. Kadi ya kazi ya Sheldon ilikuwa imegongwa wodini saa moja na dakika thelathini na mbili. Wakamwachia. Alitoka na deraya yake begani, hakumuaga mtu.

"Turudi mwanzo," alisema Jerioth.

"Mwanzo ni vidole," alisema Twalibu.

"Vidole gani?"

Twalibu alimwonyesha kidole chake cha kati. Ncha ilikuwa ngumu, ina vitobo vidogo vidogo vyeusi. "Mimi nashona kofia. Tangu niko mdogo, Tanga. Mke wangu ananicheka, lakini ndiyo starehe yangu. Ukishika sindano mwaka mmoja tu, kidole kinakusema. Nilimwangalia marehemu, Mungu amrehemu. Vidole laini kama vya mtoto. Yule hakushona hata kifungo, wallahi."

"Mbona hukusema pale?"

"Uliniuliza?"

Jerioth alitaka kumtukana, akaghairi.

Wakaleta vielelezo mezani. Twalibu aliweka miwani, akaisogeza ile penoni chini ya taa. Akaigeuza. Akairudisha. Akaisogeza karibu na miwani, mpaka Jerioth akaacha kuandika.

"Nini?"

"Afande, hii imepindwa."

"Sema Kiswahili mimi naelewa."

"Hariri ukiikata na mkasi, inafumuka. Nyuzi zinatoka. Vile vipande viwili vya mgongoni vimefumuka, umeona? Lakini hapa ilipokatwa, hakuna hata uzi mmoja nje. Mtu kakunja ukingo mara mbili, kashona pindo. Kwa mkono. Uzi mpya, wa rangi ya hariri." Akasogeza taa. "Mishono midogo namna hii hata mimi siiwezi. Mtu mwepesi kabisa, dakika ishirini na tano. Thelathini."

Jerioth alihesabu kichwani.

"Unaniambia alimpiga, akakata, halafu akakaa chini akashona?"

"Ndiyo."

"Huku mwenzake anapumua."

"Ndiyo, afande."

Wote wawili wameona maiti nyingi, lakini hiyo ya kukaa na sindano, hapana.

"Mtu wa chama angeacha imefumuka," alisema Twalibu. "Kwao mkato ndio sherehe. Huyu hakuweza kuacha kitambaa wazi. Mkono wake umekataa. Huyu ndiye aliyeshona simba."

Waliitandaza standadi sakafuni, upande wa nyuma juu. Twalibu alipiga magoti na tochi, akaulaza mwanga wake sambamba na kitambaa. Kwenye pembe ya chini, karibu na mti, kulikuwa na vitobo. Vitobo tu, safusafu, bila uzi. Mtu alifumua kitu pale. Ndani ya debe la takataka la karakana walishakuta vipande vya uzi wa dhahabu, vifupi vifupi, kama kucha zilizokatwa.

Jerioth alifuata vitobo kwa penseli, hewani, bila kugusa.

"C," alisema. "L. O."

Walipomaliza lilikuwa jina la mtu. *Clothilde.*

Simu ya Absalom ilikuwa na majina mia nne. Hakuna Clothilde. Ila kulikuwa na namba moja ya Houston aliyoipigia karibu kila siku kwa miezi kumi na minne, na juu yake kaandika *Fundi Houston*. Basi. Hata "Mama Fulani" hakuandika. Kampuni ya simu ilisema namba imesajiliwa kwa jina la mwanamume, Vital.

Jumapili asubuhi walishuka barabara kuu namba arobaini na tano, saa nne za lori na mabango. Polisi wenzao wa Houston waliwangoja mtaa wa Sharpstown, wakakubali kubaki chini kwenye maegesho. Ilikuwa saa ya watu kurudi kanisani. Akina mama wa Kikongo na vitenge vya sare, sufuria mkononi, wanaitana kutoka ngazi moja mpaka nyingine. Watoto wanajibu kwa Kiingereza. Van nyeupe ilikuwa imepaki kando ya ngazi, na ndani yake milingoti.

Mlango ulifunguliwa na mwanamume mrefu, shati la kanisani bado limefungwa mpaka shingoni.

"Vital?"

"Ndiyo, njo mimi."

"Inspekta Jerioth, kutoka Mansfield. Huyu ni Sajini Twalibu."

Vital hakuuliza wanataka nini. Alisogea pembeni, wakapita. Sebule ndogo, makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kudarizi, kila kimoja na maua yake. Pembeni kumesimama bendera ya kwaya, inaning'inia kwenye kijiti chake. Mwanamke alikuwa kakaa chini yake, mikono mapajani. Mwembamba, miaka arobaini na kitu. Anatazama zulia.

"Nzuri hiyo bendera," alisema Twalibu, ili aseme kitu.

"Si bendera," alisema mwanamke bila kuinua kichwa. "Gonfanon."

"Wewe ndiye Clothilde?"

"Ndiyo, papa."

Vital, mumewe, aliingilia kati, haraka haraka, kama mtu aliyekariri njia nzima kutoka kanisani.

"Ni mimi nilimupiga. Yeye hakuna kintu anajua. Tulifika na mapema, saa kumi na mbili na nusu, kuleta milingoti ya maonyesho. Tulibishana. Nilikamata muti, nilimupiga. Munichukue, twende."

"Mlibishana nini?"

"Mambo ya wanaume."

"Una haki ya kunyamaza, Vital. Na ya wakili. Unaelewa?"

"Naelewa. Twende."

"Ulimpiga wapi?"

"Kwa kichwa."

"Halafu?"

"Nilikata ile kitambaa. Ile ya bleu."

"Na nini?"

"Makasi."

"Halafu?"

"Halafu nini? Tulienda."

Jerioth alimtazama Twalibu. Twalibu alitoa mfukoni leso yake, akaikata ukingo na mkasi mdogo wa kofia anaotembea nao kila mahali. Akaiweka mezani na sindano na uzi.

"Shemeji, hebu nipindie hapo," alisema kwa upole. "Kidogo tu. Kama ulivyopinda kule."

Vital aliangalia sindano. Yule bwana anabeba maboksi ghalani, vidole vyake vinene kama muhogo. Alijaribu kupitisha uzi. Mara ya tatu ukapita. Akakunja leso, akachoma, akajichoma. Tone la damu. Akachoma tena, mshono ukatoka mrefu umepinda, leso ikakunjamana.

"Iko vile," alisema. Jasho linamtoka. "Nilikuwa na haraka siku ile. Leo mukono unatetemeka."

"Endelea."

Alivuta, uzi ukakatika. Akaanza upya. Ilikuwa aibu hata kumwangalia. Jerioth aliwahi kuona wanaume wakipigwa mbele ya wake zao, lakini hii ilikuwa mbaya zaidi, maana hakuna aliyemgusa.

"Vital, acha," alisema Clothilde.

"Nyamaza."

"Unaharibisha kitambaa."

"Clothilde, ninakuomba, nyamaza!"

Clothilde alisimama, akamnyang'anya leso. Hakuonekana kama amefikiria. Alikata ule uzi mbovu kwa meno, akatia mpya kwa pigo moja, akakunja ukingo mara mbili kwa kucha ya gumba. Sindano ikaanza kukimbia. Vital alifunika uso. Chini kwenye maegesho mtu alikuwa anacheka, anaita mtu aje achukue sufuria yake.

Alipomaliza aliilainisha leso kwa kiganja, akampa Twalibu.

Twalibu aliweka miwani. Akaangalia muda mfupi tu.

"Ni ileile, afande."

"Najua," alisema Clothilde. "Mi nilijua mutaona. Saa tulikuwa mu barabara njo nilikumbuka. Nilimwambia Vital, nimeacha pindo yangu pale."

Jerioth alimsomea haki zake zote, polepole, mara mbili. Clothilde aliitikia kila moja kama anayeitikia kanisani. Wakili hakutaka siku hiyo. Alitaka kukaa.

"Nani alikufundisha?" aliuliza Jerioth.

"Masista, Bukavu. Tulishona bannière za parokia. Sista mumoja alikuwa na kitabu ya zamani, na mapicha. Pennon, gonfanon, étendard. Alitukataza kusema drapeau, bendera tu. Alisema kila moja iko na jina yake, na kama hujui jina huwezi kushona vizuri." Alikaribia kutabasamu. "Absalom hakujua. Ni mimi nilimufundisha kwa telefone. Alikuwa anaandika. Halafu anaenda kubaambia batu ba chama, sawa vile ni yeye alisoma."

"Hukukasirika?"

"Hapana. Alisema ngoja. Siku ya Richardson nitakuita mbele. Nitasema, huyu njo mama alishona. Miezi kumi na ine mi nilingoja hiyo siku. Nilikuwa natoka ghala, nafika huku, nashona mpaka macho inakataa. Na mwisho, kwa nyuma, kwa pembe ya chini, niliweka jina yangu. Kidogo tu. Hakuna mutu angeiona. Mi nilitaka tu iwe pale."

"Jumamosi asubuhi. Niambie."

"Vital alienda kuweka mafuta kwa gari na kutafuta kintu ya kula. Mi nilibaki. Nilifurahi kuiona kwa ukuta, mama. Sijawahi kuiona yote, hapa nyumba ni kidogo, nilikuwa naona kipande kipande. Nilienda kugusa pembe yangu."

Alinyoosha kidole hewani, kama anaigusa tena.

"Ilikuwa tupu."

"Ukamuuliza?"

"Nilimuuliza. Alicheka, si kwa ubaya. Alisema, Mama Clothilde, zamani washonaji hawakuweka jina. Ukiweka jina inaharibika, si ya zamani tena. Nilimuuliza, na ile karatasi ya ukuta? Alisema hiyo ni ya kuonyesha wageni. Nilimuuliza, na saa nane utaniita? Akasema," na hapa aliigiza Kikenya cha Absalom vizuri mpaka ikatisha, "akasema, 'Sasa nikuite niseme nini? Hawa watu wanataka stori. Mwafrika aliyejifunza peke yake. Wewe ni mama wa kupanga maboksi, utawaambia nini? Si nitakutafutia zingine za kushona.' Akanigeuzia mugongo, anatengeneza mukanda yake kwa kioo."

"Na mlingoti?"

"Ulikuwa karibu."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Akaanguka."

"Akaanguka."

Vital alikuwa analia bila sauti. Clothilde hakumwangalia.

"Mu kambi ya wakimbizi nilikuwa namba," alisema. "Kwa karatasi ya kuya Amerika, siku yangu ya kuzaliwa ni premier janvier, mwezi wa kwanza tarehe moja, sawa na ya kila mutu mu ndege. Kwa ghala niko na badge, namba tena. Sijamuomba mutu kintu. Hii moja tu. Na Absalom alikaa chini, na sindano, akaitoa herufi moja moja. Unajua inachukua muda gani kutoa herufi ya dhahabu bila kupasua hariri? Ni kazi ya pole. Alikuwa na muda ya kufikiri."

"Penoni, Clothilde. Kwa nini uliikata?"

"Hiyo cheo ilikuwa yangu. Hakuna mufalme alikuya kunikatia. Nilijikatia."

"Ukamwekea mikia mgongoni."

"Hiyo njo yake. Achukue."

Swali lililobaki Jerioth hakulipenda.

"Ukakaa. Ukapinda."

"Ilikuwa inafumuka."

"Absalom alikuwa anapumua."

"Ndiyo."

"Ulimsikia?"

"Nilimusikia. Kwa nguvu, sawa mutu analala." Aliangalia vidole vyake. "Nilisema, nimalize kwanza pindo, halafu nitaita. Mutu haachake kazi wazi. Nilisema vile, na nikaendelea. Upande mumoja. Halafu kona. Nilipofika karibu ya mwisho alinyamaza. Njo Vital akafungua mulango."

"Simu ilikuwa wapi?"

"Kwa mufuko yangu."

Hapo ndipo Twalibu alipotoka nje. Alisimama kwenye ngazi, kaikunja leso mfukoni, mama mmoja wa kitenge akamsalimu, naye, kwa mara ya kwanza tangu Jerioth amjue, hakujibu salamu.

Jumatatu, kituoni Mansfield, Jerioth alipigiwa simu kutoka Richardson. Mwandaaji wa maonyesho, sauti ya upole, sauti ya msiba. Standadi yenyewe ni kielelezo, wanaelewa. Wametundika picha yake kubwa badala yake. Na chama kimeamua kumpa marehemu cheo chake hivyohivyo. Penoni nyingine imekatwa mbele ya watu mia tatu. Wengi walilia.

"Kwenye hiyo picha mmeandika imeshonwa na nani?" aliuliza Jerioth.

"Na Absalom, bila shaka."

"Si yeye. Tuna maungamo. Tuna vitobo vya jina kwenye kitambaa chenyewe."

"Inspekta, tunaelewa. Lakini jina la mtu aliyeua hatuwezi kuliweka ukutani. Nadhani na wewe unaelewa."

Jerioth alirudi kwenye chumba cha mahojiano. Clothilde alikuwa na wakili sasa, kijana aliyepewa na serikali, na tai iliyopinda. Maelezo yake yalikuwa mezani yameshachapwa.

"Maonyesho ilifanyika?" aliuliza Clothilde.

"Ilifanyika."

"Baliandika nani?"

Jerioth angeweza kudanganya. Ilimjia mpaka mdomoni.

"Absalom," alisema.

Clothilde aliitikia kwa kichwa. Halafu akauliza, taratibu kabisa, "Na kama singemupiga?"

Wakili alimgusa mkono asiendelee. Jerioth alipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Kurasa ni saba," alisema. "Soma tena na wakili wako. Kama ni sawa, unaweka jina chini."

"Kwa zote?"

"Kila ukurasa."

Alizisoma zote, kidole juu ya mistari. Kisha akachukua kalamu. Hakuweka sahihi ya kukimbia kama watu wanavyofanya. Aliandika jina zima, herufi baada ya herufi, anainua kalamu, anaangalia, anaendelea. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wakili alitazama saa, Jerioth akamtazama wakili, akaacha.

Kwenye wa saba Clothilde aliishikilia kalamu hewani.

"Hii nani atasoma?"

"Mwendesha mashtaka. Jaji. Halafu baraza la mahakama, wananchi wanaoamua kesi."

"Batu ngapi, hiyo baraza?"

"Kumi na wawili."

Clothilde aliangalia jina lake kwenye kurasa sita zilizotangulia.

"Kumi na mbili," alisema. "Sawa." Akamalizia jina.